Ufa Nyuma ya Meza ya Maua

Jumatatu, 2 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo saa tatu kasoro robo asubuhi, ikakuta madirisha ya chumba cha kazi yako wazi. Karatasi za waridi zaidi ya ishirini zimelowa pembeni. Mdogo wangu ndiye aliyeyaacha wazi. Nimemwambia mara moja tu, kwa maana neno la kweli halihitaji kurudiwa. Amejibu, "Ndiyo, dada," kama kawaida yake.

Naanza daftari hili kwa sababu ya oda. Mwenye duka la karatasi anataka kadi mia mbili za harusi kabla ya mwisho wa Aprili, kila moja iwe na ua la matabaka matano, na mimi sipendi kazi kubwa isiyo na kumbukumbu. Mimi hukata petali na kuandika maneno ya ndani. Mdogo wangu huzipinda petali kwenye sindano ya kufumia, kisha huzipanga: kubwa chini, ndogo juu, kila tabaka likizungushwa kidogo ili petali zisilaliane. Nukta moja ya gundi katikati, si zaidi. Nilifundisha sarufi miaka thelathini na minne, nami nasema bila aibu kwamba ua la karatasi lina kanuni nyingi kuliko sentensi.

Alhamisi, 5 Machi

Mvua. Kadi sita. Gundi haikauki.

Jumamosi, 7 Machi

Nimeona ufa. Upo kwenye ukuta wa nyuma, ambao kiti changu kimeupa mgongo kwa miaka kumi na mmoja. Unaanzia pembe ya dirisha na kushuka hadi nyuma ya meza, mwembamba kama unywele. Ningeuona lini, ikiwa siku zote nimeugeuzia kisogo?

Ukuta huo aliujenga baba mwenyewe. Nyuma yake ni udongo wa mlima, umepanda hadi usawa wa dirisha, na maji yote ya huko juu hushuka kwetu. Nimemwita Mshonaji, mpangaji wetu wa chumba cha mbele, aje autazame. Alitazama, akanisomea methali ya ufa na ukuta. Nilimjibu kwamba methali hiyo niliifundisha kabla hajazaliwa, na kwamba sijapata kuona ufa uliozibwa kwa methali. Alicheka, akasema mimi hata mvua naweza kuipigia mstari mwekundu.

Mimi sikucheka.

Jumanne, 10 Machi

Amekuja fundi wa kujenga. Mtaa mzima humwita Bwana Kesho, naye huitika. Alipapasa ukuta, akagonga hapa na pale kwa kifundo cha kidole, akasema hawezi kuugusa kabla mvua haijakatika, maana ukiufungua sasa mlima utaingia ndani kama mgeni aliyealikwa.

"Bandika karatasi nyembamba juu ya ufa, uandike tarehe," alisema. "Ikichanika, Mwalimu, usinitafute mimi kwanza. Toka kwanza, halafu ndiyo unitafute."

Nilimwuliza nitampata wapi na lini. Alisema kesho.

Nimekata ukanda wa karatasi ya petali, mrefu kama kidole changu cha kati, nikaupaka gundi ncha zote mbili na kuubandika ukikatiza ufa. Nimeandika tarehe kwa wino. Kisha nimesema mbele ya meza, ili pasiwe na ubishi baadaye, kwamba siku ukanda huu utakapochanika tutaifunga nyumba: mimi nitakwenda kwa mwanangu, na mdogo wangu atarudi kwa mumewe. Ni miaka mitatu sasa tangu aondoke kwa mume huyo kwa sababu ya maneno, na ndoa haivunjwi kwa maneno.

Amesema, "Ndiyo, dada."

Jumapili, 15 Machi

Ukanda mzima. Hata hivyo sifanyi kazi vizuri. Nikikata petali, mgongo wangu unasikiliza. Jana kipande cha rangi ya ukuta, kidogo kama ukucha, kilianguka ndani ya bahasha iliyokuwa wazi, nami niliruka kama msichana. Mdogo wangu aliona. Niliona haya kuonekana, nikamkemea kwa kupinda petali za tabaka la tatu kuelekea chini.

Ijumaa, 20 Machi

Mdogo wangu ameomba tubadilishane viti. Anasema shingo inamwuma kwa upepo wa mlangoni, na kwamba mwanga wa mlango utayafaa zaidi macho yangu. Kiti hicho ni changu tangu nilipoanza kazi hii. Nilitaka kumwambia hivyo, lakini kusema kweli nilifurahi kuukimbia ukuta, na kwa kuwa nilifurahi, nilikasirika. Nimempa kiti. Nimemwambia kwamba mtu mwenye umri wa miaka hamsini na miwili hachagui viti kama mtoto wa darasa la kwanza.

Ukanda mzima.

Jumanne, 24 Machi

Ukanda mzima. Naona umenenepa kidogo. Hiyo ni kawaida ya karatasi: hunyonya unyevu ikavimba, na hata petali zetu zilizopindwa jioni huamka zimelala bapa. Nimemweleza Mshonaji jambo hili, kwa sababu alikuja kulalamika kwamba mlango wake haufungi tena. Mbao nazo huvimba. Alisema basi katika nyumba hii kila kitu kinanenepa isipokuwa wapangaji.

Kadi sabini na nne.

Jumatatu, 30 Machi

Mvua mchana kutwa. Ukanda mzima.

Alhamisi, 2 Aprili

Jambo la mdogo wangu halinielei. Zamani nilimwamsha mimi. Sasa kila ninapoingia chumba cha kazi namkuta amekwisha kufika, taa imewashwa, gundi imefunguliwa. Chai hanywi nasi, huletewa pale pale. Maua yake matatu leo yamefumuka katikati kwa gundi haba. Nilipohesabu karatasi za petali niliona zimepungua kupita kazi iliyofanyika. Nilimwuliza. Alisema ameziharibu kwa bahati mbaya.

Mtu anayewahi kazini hivyo, na kuharibu hivyo, ana neno moyoni. Nadhani mumewe amemtumia ujumbe. Nadhani anajiandaa kuondoka bila kuniaga, kama alivyoondoka kule.

Jumatano, 8 Aprili

Penseli imejiviringisha yenyewe mezani, kutoka upande wangu hadi upande wa mdogo wangu, ikasimama ilipogusa ukuta. Niliirudisha. Ikajiviringisha tena. Mdogo wangu aliiweka ndani ya kikombe, akaendelea kupanga petali, ila macho yetu yalikutana, na uso wake ulikuwa mweupe kama karatasi ya bahasha.

Nikaenda kuutazama ukanda kwa miwani. Mzima, bila hata mkunjo. Nilijiambia kwamba ninaamini karatasi. Nimeishi na karatasi maisha yangu yote, haijapata kunidanganya. Mtu mzima asiogope asichoweza kukionyesha kwa kidole.

Lakini naogopa. Naandika hivyo mara moja, nisirudie.

Jumamosi, 11 Aprili

Siku ya tatu mvua haijapumua. Maji yanapita chini ya ngazi. Ukanda mzima. Kadi mia moja na thelathini na moja.

Jumanne, 14 Aprili

Lazima niandike kwa utaratibu.

Asubuhi mdogo wangu alikwenda dukani kupeleka kadi zilizokwisha. Nilibaki peke yangu. Yapata saa nne niliona pembe ya chini ya ukanda imeinuka. Gundi haishiki katika unyevu huu, na mimi si mtu wa kuona pembe imeinuka nikaiacha. Nilichukua brashi kwenda kuibana. Ukanda wote ukabaki kidoleni mwangu, gundi yake bado mbichi.

Chini yake palikuwa na ukanda mwingine, umechanika katikati. Tarehe ileile, mwandiko uleule. Niliubandua kwa kisu. Chini yake mwingine, umechanika. Chini yake mwingine. Zilikuwa kanda tano, moja nzima na nne zilizokatika, zimelazwa moja juu ya nyingine kwa ustadi, ncha juu ya ncha. Wa chini kabisa ndio niliokuwa nimeukata mimi. Vipande vyake viwili vilikuwa vimeachana kwa unene wa penseli. Wa pili, pungufu kidogo. Wa nne, kwa upana wa uzi.

Ukuta ulikuwa ukitembea mwezi mzima, na mimi nikiandika humu kwamba karatasi imenenepa.

Nikakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu. Kilikuwa kiti cha mdogo wangu. Nilipokaa pale nikiwa nimeupa ukuta mgongo, ndipo nilipoelewa ni nani aliyekuwa akibandika, maana mwandiko wake nilimfundisha mimi, kwa rula, akiwa na miaka saba. Nikahama kwenye kiti kile haraka.

Alirudi saa sita. Kanda zilikuwa mezani, nimezipanga kwa safu. Alizitazama, akavua mtandio wake uliolowa, akaukunja mara nne. Nilimwuliza ukanda wa kwanza ulichanika lini. Alisema tarehe kumi na tisa Machi. Siku iliyofuata alikuwa ameomba kiti changu.

Nikamwuliza, "Ulijua ukuta unatembea, ukaenda kukaa chini yake?"

"Meza haiingii kwingine," alisema. "Mmoja wetu ilikuwa lazima akae pale. Wewe hungekaa tena, mimi nikijua."

"Na kuniambia ulishindwa?"

"Ningekuambia ungefunga nyumba. Ulishasema. Wewe ukisema umesema." Alikuwa akiutazama mtandio wake, si mimi. "Kila siku nilisema kesho nitamwambia. Nikiangalia ukuta naogopa. Nikikuangalia wewe naogopa zaidi. Nilikuogopa wewe kuliko ukuta, dada."

Ningeweza kumwambia juu ya Mshonaji, anayelala nyumba moja na huo ukuta, na angestahili kuambiwa, na nitamwambia. Ila wakati ule nilimwuliza kitu kingine: kurudi kwa mumewe kuna nini hata achague kufukiwa?

Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha.

"Miaka mitatu," alisema. "Umeniuliza habari za gundi, za mkasi, za madirisha. Hilo ndiyo kwanza unaniuliza leo."

Alinijibu mpaka chai ikapoa vikombeni. Aliyoyasema sitayaandika, ni mali yake. Nitaandika yaliyo yangu: kwa miaka mitatu nimewaambia watu kwamba aliondoka kwa sababu ya maneno. Nilisema uongo. Sikujua, lakini kutojua hakunitetei, kwa kuwa nilikuwa na mdomo wa kuulizia.

Nimemwambia kwamba harudi kule, nyumba iwepo au isiwepo. Amesema, "Ndiyo, dada." Hakuniamini. Sasa naisikia namna anavyolisema.

Mshonaji amekwisha kuhamisha godoro kwa rafiki yake. Mdogo wangu alimweleza mwenyewe. Mshonaji alimsikiliza hadi mwisho, akasema angependa kumpiga lakini mikono yote miwili imeshika godoro. Nasi tumelala sebuleni kwa rafiki huyo, upande wa barabara.

Jumatano, 15 Aprili

Bwana Kesho amekuja leoleo, jambo ambalo mtaa utalisimulia. Aliweka kiganja ukutani, akakiondoa kama aliyeshika sufuria ya moto.

"Hapa mtu alipaswa kutoka juzi," alisema. "Kila dakika mnayokaa humu mmeiazima."

Alitupa sheria: wawili tu ndani kwa wakati mmoja, hakuna kuburuta kitu, hakuna maneno. Alibeba meza yeye na mdogo wangu. Mshonaji na mimi tulibeba kadi, karatasi, chupa za gundi. Kufikia saa nane kilibaki chumba kitupu na rafu moja. Juu ya rafu hiyo lilikuwepo kopo la vigezo vya petali, vipande vya bati ninavyovifuata kwa mkasi, alivyonikatia marehemu mume wangu nilipoanza, arobaini na kimoja kwa jumla. Bwana Kesho alisema liachwe. Nilimwambia kwamba bila vigezo hakuna maua, na kwamba ni hatua sita tu kwenda na sita kurudi. Mimi sikuzoea kuambiwa acha.

Niliingia. Nilikuwa nimelishika kopo kwa mikono miwili, nikilishusha taratibu lisigonge, niliposikia sauti mlangoni.

"Toka."

Niligeuka kuona ni nani. Alikuwa mdogo wangu. Hakusema dada. Hakusema tafadhali.

"Weka kopo chini, toka sasa hivi."

Tangu azaliwe hajapata kuniamuru. Sauti ile haikuacha nafasi ya swali, nami naijua, kwa kuwa ndiyo niliyoitumia darasani miaka yote. Niliweka kopo sakafuni kama mwanafunzi, nikatoka. Alinikamata mkono juu ya kiwiko, akanivuta hadi uani, na alama za vidole vyake bado zipo.

Hatukufika langoni. Ukuta haukuanguka kwa kishindo kama nilivyouogopa usiku na mchana. Ulikaa chini, kama mtu aliyechoka, kisha mlima ukaingia juu yake, ukajaza chumba mpaka juu ya dirisha, ukasukuma mlango nje. Vumbi halikuwepo, kwa jinsi udongo ulivyolowa. Kulikuwa na harufu ya mizizi. Mahali pa viti vyetu vyote viwili palikuwa chini ya udongo unaozidi kimo cha mtu, kile cha ukutani na kile cha mlangoni. Kiti alichonipa kwa ajili ya usalama kisingeniokoa. Hilo nimeliona, naye ameliona, hatujalizungumza.

Anasema alikuwa amesimama mlangoni akaona mwanga ndani ya ufa, juu penye pembe ya dirisha. Mwanga wa nje.

Tulikaa kwenye ngazi ya Mshonaji. Meno yake yalikuwa yakigongana. Nilimfunika kwa khanga yangu, nikadhani atalia. Badala yake aliinamisha kichwa akaniomba radhi.

"Nimesema nawe vibaya, dada. Nisamehe."

Nimeogopa mengi msimu huu. Hakuna lililonitia hofu kama kuombwa msamaha ule.

Alhamisi, 16 Aprili

Sina la kuandika.

Jumatatu, 27 Aprili

Tumepata chumba juu ya duka la karatasi. Mwenye duka alitaka kadi zake zimalizike, nasi tulitaka paa, kila mmoja akamhurumia mwenzake. Chumba ni kimoja. Mwanangu amepiga simu mara tatu akitaka niende kwake. Nimemwambia kwamba tuko wawili, na kwamba mahali pasipo na nafasi ya wawili pasinitafute. Mdogo wangu alikuwa akisikia. Aliendelea kupinda petali, ila alikosea tabaka.

Vigezo tumekata vipya kwa kadibodi. Si sawa kama vya bati. Kadi mia mbili zimekabidhiwa leo, zote na maua ya matabaka matano, ishirini na tatu kati yake zikiwa na doa la udongo nyuma ambalo mwenye duka hakuliona au amejifanya.

Mvua inapungua. Bado nikiingia mahali natazama kuta kwanza, halafu watu.

Jumatano, 6 Mei

Nimemwuliza mdogo wangu kama angependa meza iwe dirishani au karibu na mlango. Alisema popote nitakapoona mimi panafaa. Nilimwuliza mara ya pili. Alisema vilevile. Meza imekaa katikati ya chumba siku nzima, tukiizunguka kama watu waliokuja kwenye msiba.

Jumanne, 12 Mei

Jua. Nimeanza kukata petali za kadi za wahitimu, nyekundu ya damu, karatasi nzuri nzito niliyoichagua mwenyewe. Nilikata thelathini nikazisogeza upande wake. Hakuzigusa. Alizitazama, sindano ikiwa mkononi.

"Dada, rangi hii ni ya bucha," alisema. "Mtu amefaulu mtihani, hajachinja ng'ombe."

Nilikasirika. Nilikasirika muda wote wa chai, kimya, kikombe kizima. Naye alikaa mbele yangu akiwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, akisubiri, lakini hakuyarudisha maneno yake.

Nilipomaliza chai nilizikusanya zile thelathini nikazitia katika bahasha, nikamwuliza angetumia rangi gani. Alisema njano. Nimekata njano hadi jioni, wala sijaipenda. Kitu kimoja tu kimenisumbua siku nzima, nacho ni kwamba huenda kesho akaniambia tena, "Ndiyo, dada."